Konokono wa Rangi ya Kucha

Shangazi yangu huosha vyombo vya maabara, na kwa maringo yake utadhani ndiye aliyeijenga. Kwa miaka kumi na moja chai yake ya saa nne ameinywea ukingoni mwa bwawa la nyuma. Aliposikia kwamba bwawa likikutwa na konokono chini ya mia tano litafukiwa liwe maegesho ya magari, alikosa raha.

Mtafiti, binti mwenye miwani, hakuweza kuwahesabu wote. Alimpa shangazi kazi: aokote konokono mia, awapake rangi nyekundu ya kucha mgongoni, awarudishe majini. Baada ya wiki aokote mia tena.

"Wekundu wakiwa kumi kati ya mia, mama, basi wale tuliowapaka ni sehemu ya kumi ya wote. Bwawa lina elfu moja."

"Yaani nihesabu hata nisiowaona?"

Swali hilo alitusumbua nalo wiki nzima, hadi mezani.

Siku ilipofika akapata wekundu arobaini, akawarudisha mia wote majini. Maana yake konokono mia mbili na hamsini tu. Binti aliiandika namba hiyo daftarini. Shangazi alirudi nyumbani amenuna, akamwaga mkebe wake wa vifungo, akatenga vyekundu mia na vyeupe mia tisa, akavichanganya. Alifumba macho akachota mia, vyekundu vikawa kumi na kimoja. Akavirudisha, akafumbua macho, akaokota mia kimoja kimoja. Vyekundu thelathini na vinane.

"Kumbe ni macho yangu," aliniambia. "Kila nikimwona wangu, mkono unakimbilia huko."

Nilimwonea huruma. Kusema ni kukiri kwamba ameharibu kazi, naye hapendi kukosolewa hata chumvi ya mboga.

Asubuhi alimwambia binti, "Mwanangu, mimi sikuokota. Nilichagua."

Binti hakukasirika. Aliuliza amejuaje, wakazungumzia vifungo mpaka chai ikapoa.

Safari ya pili nami nilikwenda. Walitandaza kamba za miraba juu ya maji. Shangazi alijifunga kitambaa machoni, akatoa kila konokono aliyemgusa, mraba baada ya mraba, mpaka wakatimia mia. Tukahesabu wote watatu. Wekundu wanane. Binti akapiga hesabu: elfu moja mia mbili na hamsini.

Shangazi aliinama akayatazama maji, hakumwona mwekundu hata mmoja.

"Tisini na wawili wangu wamo humu na siwaoni," alisema. "Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosa ninachokitafuta."