Macho ya Bi Taa Hufuata Mkono

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkanda unaanza kusogea, na chupa za kwanza zinapita mbele ya ubao mweupe unaowaka. Mwanamke wa miaka hamsini na minne amesimama mbele yake, mkono wa kulia umefungwa bendeji, wa kushoto unasubiri usawa wa vitako vya chupa.

Kiwandani wanamwita Bi Taa.

"Bi Taa, leo umeme upo?" anamtania mpakiaji.

"Upo, mwanangu, ila wa mgao."

Chupa hamsini hupita kila dakika; kazi yake ni kutoa mbovu. Kwa miaka ishirini na miwili alizikamata shingoni kwa mkono wa kulia, na mdomo uliomeguka ulimpita kwa nadra. Mwezi wa tatu kifundo cha mkono huo kiliharibika. Muuguzi wa kiwanda akamkataza kubana kitu. Akaanza kuzitoa kwa kushoto, akizishika chini, maana huo ulishindwa kuzinasa shingoni.

Tangu hapo anaona nyufa za kitako ambazo zamani hakuziona, na midomo iliyomeguka inampita. Mnywaji mmoja alichanika mdomo. Daktari wa macho amempima mara mbili, hakukuta kasoro.

"Macho ni yale yale," anasema. "Ila yanatangulia pale mkono unapotaka kwenda. Mkono ukishuka, nayo yanashuka. Nimeyagombeza, hayasikii."

Zisizompita ni chupa zilizochapwa kitakoni namba saba, namba ya kalibu iliyozitengeneza, ambazo humeguka mdomo tangu zamani.

"Hiyo naijua kama mtoto mtukutu. Nikiona saba, macho yanapanda yenyewe. Zinazonipita ni zile nilizoziamini."

Ana barua mbili za onyo. "Mama, ya tatu haitakuwa ya onyo," msimamizi alimwambia, akitazama pembeni.

Nyumbani alipanga chupa tupu mezani, akajifunza kutazama juu huku mkono ukienda chini.

"Dada, unaziroga?" mdogo wake aliuliza.

"Ningejua kuroga, ningeanza na kifundo."

Chupa kumi aliweza. Ya kumi na moja, macho yakashuka.

Imebaki miezi minane astaafu, aanze kushona nguo nyumbani. Muuguzi amemwonya kwamba akirudia kubana, huenda vidole visikunjike tena.

"Nitashona kwa kushoto," anasema. "Au nitashonewa."

Baada ya chai, kengele ya kurudi kwenye mkanda inalia. Bi Taa anafungua bendeji taratibu, anaikunja, anaitia mfukoni. Mkono wa kulia unapanda usawa wa shingo za chupa, na macho yanatangulia.