Moyo wa Kuku Kwenye Kikombe

Mwaka wa 2007 daktari alimwambia baba kwamba sehemu ya moyo wake ilikuwa imekufa na haingerudi. Ameze dawa, apumzike. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karo ya chuo hakuna, na neno "haingerudi" lilinikosesha amani. Nikaanza kusoma kwenye cyber, duka la intaneti, hapa Nakuru. Nilinakili kila kitu kwa mkono; nikikosea herufi moja, nilirarua ukurasa nikaanza upya.

Nilisoma kuhusu samaki mdogo mwenye milia: ukimkata kipande cha moyo, kinamea tena. Seli za msuli zilizobaki hulegeza nyuzi zake, hujigawanya, kisha hurudi kazini. Seli za binadamu huacha karibu kabisa kufanya hivyo mtu akiwa bado mchanga, na watafiti walikuwa wakitafuta namna ya kuzichochea. Nilimsimulia baba haya kila jioni. Nakiri kwamba sikumwambia kuwa hakuna aliyekuwa amefaulu kufanya hivyo kwa mtu.

Jumapili moja shangazi alikuwa anakuja, nikachinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, kwa hivyo huwa nachambua matumbo polepole. Moyo ulikuwa bado unapiga kiganjani mwangu. Nikautia kwenye kikombe cha maji vuguvugu yenye chumvi, niliyoipima mara tatu. Ukaendelea. Baadaye ukatulia. Niliugusa kwa kijiti cha meno, ukapiga tena, kama mtu aliyeitwa.

Nilipogeuka, baba alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akaniomba kijiti, akaugusa. Ukapiga. Mkono wake mwingine ulikuwa kifuani, na kila moyo ulipopiga, vidole vyake vilishtuka.

"Kumbe ni kweli," akasema, "wewe na hao samaki wako."

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo.

Alhamisi, nikifagia chumba chake, nilikiona kile kikombe nyuma ya pazia. Kilikuwa kimeoshwa, kikakauka. Ndani mlikuwa na vidonge vinne, kimoja kwa kila asubuhi tangu Jumatatu. Baba alikuwa kitandani akinitazama, miguu imemvimba.

"Hizo dawa zinaulaza moyo," akasema. "Mimi nataka uchokozwe, uamke."

Nilikaa sakafuni.

"Baba, ule moyo haukuwa unapona. Ulikuwa unakufa polepole. Kupiga si kujigawanya. Hakuna kilichoota pale."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Baba akanyoosha mkono kwenye kikombe nilichoshika, akachukua kidonge kimoja, vile vitatu akavimwaga juu ya blanketi. Niliinuka kutafuta gilasi safi.

"Hapana," akasema, akinipa kikombe kilekile. "Nitilie maji humu."

Alikunywa yote, macho yake yakiwa kwangu, mkono kifuani.