Bibi Harusi Uwanjani

Fundi wa mtaa wa Utemini hakufungua gari kabla hajalisikiliza. Aliketi kwenye kigoda katikati ya uwanja wa mpira, viganja vyake vyeusi kwa grisi vimefunika macho, gari likimzunguka usukani umekatwa mpaka mwisho. Jointi ya shafti inayozungusha gurudumu, ya kulia au ya kushoto, ikilika, alisema kwa sauti yake nyembamba, hulia ka-ka-ka kwenye kona tu. Barabara ikinyooka, inanyamaza kama haijui kitu.

Ndivyo Zabibu, mwaka ule magari ya mtumba yalipoanza kujaa Singida, alivyojikuta, akiwa njiani kwenda kuolewa Kintinku, akizungushwa uwanjani na shela lake. Fundi alisikia gari la harusi likikata kona, akalizuia kwa mikono miwili. “Kintinku hamfiki!” Wageni wakafuata na magari yao kwa ngoma na vigelegele, wakidhani ni mila ya ukweni.

“Mjomba Amri, twende, wananingoja,” Zabibu alimsihi dereva huku machozi yakimlenga.

“Nyamazisheni ngoma!” fundi alifoka. “Tena, kushoto!”

Pakalia kishindo chini ya gari. Injini ikanguruma, gari halisogei. Fundi akaja mbio, uso umechanua, akamshika Zabibu mkono kupitia dirishani.

“Hongera, bibi harusi! Ni ya kulia.”