Punje Moja Moja

Mashindano ya poka yalifanyika Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, katika klabu ya watumishi wa serikali mjini Kakamega. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu mgeni kazini. Nilikwenda kwa sababu jirani yangu aliniambia wachezaji hawatoshi. Hatukucheza pesa. Kila mmoja alipewa konzi ya punje za mahindi, na ambaye angebaki peke yake mezani angepewa jogoo aliyefungwa kamba nje, karibu na jikoni.

Mchezo wenyewe nilikuwa nimefundishwa siku mbili kabla, na sikuushika vizuri. Nilijua jozi. Nilijua pia kwamba karata tatu zinazofanana hushinda jozi mbili, ingawa hapo ilibidi nifikiri kwanza. Zaidi ya hapo ilikuwa giza tupu. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: nikipata kitu, naweka punje moja, au mbili nikijisikia shujaa. Mtu akisukuma lundo, natupa karata zangu na kunyamaza.

Nilitarajia kutoka mapema nirudi nyumbani kusahihisha madaftari. Badala yake wengine ndio walioanza kuondoka. Wale hodari, waliokuwa wakigonga meza na kuweka konzi nzima kwa mpigo, walimalizana wenyewe kwa wenyewe huku nikiwatazama. Kufikia saa kumi, mvua ikipiga mabati hata ikabidi tupaze sauti, tulibaki wawili, na sikuelewa nimefikaje hapo.

Mwenzangu alikuwa bwana shamba, mtu wa kicheko kikubwa aliyezungukia wakulima wa miwa upande wa Butali kwa pikipiki.

"Mwalimu," aliniuliza, "wewe unachezanga, ama unangojanga tu sisi tuishe?"

"Nacheza."

"Basi cheza!"

Kila aliposukuma lundo, nilitupa karata. Alipoweka punje mbili, nilimfuata, na mara nyingi nikashinda. Mahindi yake yakapungua polepole hadi yakawa machache kuliko yangu, naye akaacha kucheka. Nikaanza kuona haya, kana kwamba namnyang'anya kitu kwa ujanja ambao hata mimi siujui.

Kisha nikapata jozi, tisa mbili. Niliweka punje moja. Bwana shamba akaziangalia karata zake, akaniangalia mimi, akasukuma mahindi yake yote katikati ya meza.

Nilikuwa nimechoka. Nikawaza, achukue jogoo wake, twende nyumbani. Nikasema, "Haya, nimekubali."

Nilimaanisha nimeshindwa. Lakini pale mezani neno hilo lilikuwa na maana moja tu: naweka kama ulivyoweka, tufunue. Mchana kutwa nilikuwa nimewasikia wengine wakilisema hivyo. Sijui kwa nini halikunijia.

"Amekubali," akasema mzee aliyekuwa akigawa karata, karani mstaafu. "Funueni."

"Hapana, mzee, mimi nilitaka—"

"Umeshasema, mwalimu. Funua."

Nikaweka jozi yangu mezani. Bwana shamba akafunua zake taratibu. Hakuwa na chochote, hata jozi ndogo kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo, watu wakanipiga mgongoni, na kabla sijajua la kufanya nilikuwa nimekumbatia jogoo aliyelowa mvua. Nilijaribu kueleza kwamba nilikuwa nikijitoa. Walicheka zaidi, wakaona ni maringo ya mshindi.

Jumatatu, saa ya mapumziko, bwana shamba alikuja shuleni. Alisimamisha pikipiki karibu na bendera, akaniita kando.

"Sina kinyongo," alisema. "Niambie ukweli tu. Ulijuaje sina kitu?"

"Sikujua. Nilikuwa nakuachia."

Alirudi kuipanda pikipiki yake. "Sawa, mwalimu. Kama hutaki kunifundisha, sawa."

Akawasha pikipiki akaondoka, akiniacha nikijiuliza kama kweli kulikuwa na kitu cha kumfundisha.

Mashindano yaliyofuata nilimkuta ameketi kimya, ameuma midomo, akiweka punje moja moja. Alifika mbali, akabaki miongoni mwa watatu wa mwisho. Mimi nilicheza vilevile kama mara ya kwanza, kwa sheria ileile, nikawa wa pili kuondolewa mezani. Nilisimama nyuma ya viti vyao hadi jioni nikitazama, nikijaribu kuona nilikosea wapi.