Kelele Iliyonyamaza Kwenye Tope

Msimu ule mke wangu alikuwa na kidonda kwenye kisigino, na gari letu lilikuwa linalia. Mambo hayo mawili nayakumbuka pamoja kwa sababu yalikuja pamoja. Mke wangu ana kisukari, na daktari wa Ifakara alimwambia bila kuzunguka kwamba kidonda kile kikikosa kusafishwa kwa siku yake, mguu utakatwa. Sisi tunaishi Michenga. Majaruba ya mpunga yanaanzia nyuma ya choo chetu, na masika yakishika, njia ya kututoa pale inakuwa uji. Mtu ambaye mguu wake lazima unyooshwe hapandi pikipiki. Tegemeo letu lilikuwa gari dogo kuukuu tulilonunuliwa na watoto, lile ambalo injini yake inazungusha magurudumu yote manne. Kila niliposhika usukani nilisema alhamdulillahi, na sikuisema kwa mazoea.

Kelele ilianza kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili. Mwendo ukipanda inapanda, ukishuka inashuka. Baadaye ikaongeza tabia nyingine: nikikata kona kali ya kuingia hospitalini, gari lilijikaza kama ng'ombe anayekataa zizi, kisha chini kukagonga ko, ko, ko. Mke wangu alikuwa akikaa nyuma, mguu juu ya kiti, mto chini ya kisigino. Kila pigo lilimfikia kwenye kidonda. Hakulalamika. Nilimwona tu kwenye kioo akiuma mdomo na kushika mlango.

Tulipotoka kusafishiwa kidonda, nikalipeleka gari kwa fundi wetu wa Viwanja Sitini, mtu wa makamo ambaye utani haumkauki. Pale nilimkuta jirani yangu wa Michenga, dereva wa teksi, mwenye gari la aina ileile kama langu.

"Shikamoo, sheikh," fundi akasema.

"Marahaba. Gari linalia."

"Umelisomea dua?"

"Nimelisomea. Sasa nimelileta kwa mwenye spana."

Jirani akacheka. Fundi akaliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono, kisha akaomba liwashwe huku limening'inia. Akaweka ncha ya nondo kwenye difu la nyuma, lile bakuli la gia lililo kati ya magurudumu, ncha nyingine akaiegemeza sikioni, akafumba macho. Nilimtazama usoni kama ninavyomtazama daktari anapofungua bendeji.

"Difu linaunguruma," akasema alipotoka chini. "Na hapa katikati panakaza. Dawa ni moja, sheikh. Tuchomoe propela."

Propela ni lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma. Ukilitoa, gari linavutwa na miguu ya mbele peke yake.

"Mimi yangu nilishachomoa zamani," jirani akadakia. "Mafuta inanusa tu, hainywi."

"Na tope?"

"Tope nasubiri likauke."

"Kidonda hakisubiri," nikamwambia.

Fundi akajifuta mikono. Safari hii hakutania. "Usipochomoa, kitu kitavunjika huko ndani. Na siku kikivunjika, mama atakuwemo garini. Mimi nimesema."

Nilikuwa nimebanwa kotekote. Nikiitoa, njia ya Michenga itatushinda kwa mvua ya kwanza. Nikiiacha, tunaweza kukwama mahali pasipo mtu. Nikaomba nikaswali adhuhuri kwanza. Nilipokaa baada ya swala nilimkumbuka mwalimu aliyenisomesha elimu ya hukumu nilipokuwa kijana. Ukimletea ugomvi wowote, hata wa kuku, aliuliza mambo mawili: ulianza lini, na unanyamaza lini. Sisi kwa fundi tulikuwa tumeuliza tu dawa ni nini.

Nikarudi nikamwambia fundi, "Kabla hujachomoa, panda tutembee nalo."

Nilitaka mke wangu abaki kivulini. Akakataa. "Anayekaa karibu na hilo difu ni mimi."

Tukatoka kwa barabara ya lami ya kuelekea Mang'ula, mimi nikiendesha, fundi pembeni yangu ameinamisha kichwa. Akaniambia niweke gia huru, niliache liserereke. Injini ikatulia, mngurumo ukabaki. "Kwa hiyo si injini," akasema. Akaniambia nigeuze gari kwa kona kali. Ko, ko, ko. Nyuma nikasikia pumzi ya mke wangu ikikatika. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Udzungwa, meusi upande wa chini.

Tulipofika mahali ambapo pembeni pana uwanja uliojaa maji na matope, nikaingia humo ili nigeuze kwa urahisi. Nikazungusha usukani mpaka mwisho, nikazunguka mara moja.

"Imenyamaza," mke wangu akasema.

"Nini, mama?" fundi akauliza.

"Kelele. Tumeingia kwenye tope, imenyamaza. Hata kule kwetu ni hivyo, ila nilidhani ni maumivu yamenichosha masikio."

Fundi akageuka akamtazama. "Sheikh, rudi kwenye lami." Nikarudi, nikakata kona, ikagonga. "Ingia tena topeni." Nikaingia, ikanyamaza. Tulifanya hivyo mpaka wachunga ng'ombe wawili wakasimama kututazama, labda wakidhani mzee amepotewa na akili.

"Beringi ikifa haichagui barabara," fundi akasema taratibu. "Ingelia kotekote. Hii inalia pakavu tu. Magurudumu yanagombana. Topeni yanateleza kidogo, ugomvi unaisha." Kisha akauliza, "Matairi ya nyuma tuliyaweka lini?"

Tuliyaweka baada ya mavuno, yote mawili mapya. Huku kwetu tairi jipya linakwenda nyuma, kwa sababu magunia ya mpunga yanakaa nyuma. Mbele yalibaki yale ya zamani, vipara. Kelele ilianza baada ya hapo.

Tulipofika gereji fundi akasema matairi hayalingani, jirani akapinga. "Namba ya matairi ni ileile mbele na nyuma. Someni wenyewe."

Fundi akachukua kamba, akaizungusha kwenye tairi la nyuma, akaikata ilipokutana. Akaipeleka mbele. Ncha zikapishana kwa vidole viwili. Namba ilikuwa moja, lakini tairi lililoisha limekuwa dogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi, na chuma cha katikati kinavutwa huku na huku safari nzima.

"Aliyekufungia ni mimi," fundi akasema.

"Na aliyekushauri ni mimi," jirani akasema. "Tusamehe, sheikh, sisi ni timu."

Nilicheka kidogo tu, kwa sababu fundi hakuwa anacheka. "Tukiweka yote manne yanayolingana inaweza kunyamaza," akasema. "Au huko ndani kumeshalika. Hilo sijui. Kuchomoa propela ndiko ninakokujua."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa bado amekaa garini, mlango wazi, bendeji yake imeingia vumbi pembeni.

"Baba," akasema, "daktari naye huniambia 'inaweza kupona', na bado tunakwenda. Funga matairi."

Nikanunua mawili yanayofanana na yale ya nyuma. Fundi akamwaga na oili ya difu. Ilitoka nyeusi, na alipoisugua kati ya vidole ikametameta unga wa chuma. Akanionyesha. Akaweka oili mpya.

Kwenye lami kona zikawa nyepesi na kule kugonga kukaondoka. Lakini chini ya sauti ya matairi ulibaki mvumo mwembamba. "Huo utabaki," fundi akasema. "Usikilize kila siku. Ukiongezeka, njoo hata kama ni sikukuu."

Mvua ikaja kabla ya siku yetu ya kurudi. Asubuhi ya safari njia haikuonekana ilipo. Pale bondeni tukamkuta jirani, gari limezama mpaka kwenye milango, yeye amekunja suruali.

"Pita kulia, sheikh. Kushoto nimeshachimba kisima."

"Ngoja nikuvute."

"Mfikishe mama kwanza. Mimi sina kidonda."

Nikasema bismillahi, nikaingia. Mbele kukateleza, pua ya gari ikaelekea mtaroni, moyo wangu ukaenda nayo. Kisha nikahisi nyuma kunasukuma, taratibu, kama kiganja cha mtu mgongoni. Sikuthubutu kuongeza mafuta. Nyuma yangu mke wangu alikuwa ameinamisha sikio kwenye kiti.

"Ni uleule," akasema. "Haujaongezeka."

Tukatoka.

Hospitalini muuguzi alifungua bendeji, akainama, akanusa, akakaa hivyo muda ulioniwia mrefu. "Nyama nyekundu imeanza kuota," akasema. "Mje tena keshokutwa."

Nje mvua ilikuwa imeanza upya. Tulipitia dukani, nikanunua kamba nene ya kumvutia jirani, mke wangu akaipakata. Nikawasha gari, nikatoka mdogo mdogo, na sisi wawili tukausikiliza ule mvumo.