Sauti ya Nkwabi katika Sehemu ya Sita

Donatus Bujiku alizaliwa Kambarage, Shinyanga, akaenda Katoro akiwa kijana kutafuta dhahabu. Siku hizi hachimbi. Ana kibanda umiza cha kuonyeshea filamu karibu na soko: mabenchi ya mbao, runinga, sabufa na maiki. Filamu inapozungumza Kiingereza, yeye hupunguza sauti ya filamu na kuzungumza Kiswahili juu yake, akiwa mwanamume, mwanamke, mtoto na roboti kwa zamu. Wahusika huwapa majina ya Kisukuma, kwa sababu majina ya Kizungu hayakai kichwani mwa watu waliotoka mashimoni.

Filamu iliyompa jina ni *Sayari ya Chumvi*, inayohusu watu wanaochimba madini kwenye sayari isiyo na hewa. Katoro waliielewa mara moja. Nahodha wa chombo, mwanamke mrefu mwenye mvi, Donatus alimwita Holo. Mume wake, mchimbaji, alimwita Nkwabi. Mwishoni mwa sehemu ya tatu, Nkwabi alifunikwa na kifusi.

Sehemu hiyo ilifika mjini mwaka ambao Makoye, rafiki wa Donatus, naye alifunikwa na kifusi kwenye duara, shimo la dhahabu walilochimba pamoja tangu ujana wao. Makoye alizikwa Ushirombo, kwa kina mkewe Serafina. Donatus aliacha mashimo, akabaki na kibanda chake tu. Serafina alirudi Katoro na binti yao Noela, akaendelea kupika wali na maharage kwa wachimbaji, kama zamani.

Makoye alikuwa na swali moja ambalo marafiki zake walimcheka nalo. Kila alipofika kwenye banda la mkewe, kabla ya kuketi, alikohoa kidogo kisha akauliza polepole, kwa Kiswahili kizito cha Kisukuma, "Mama Noela, umekula?" Mpishi haulizwi hivyo. Watu huja kwake kula, si kumwuliza.

Sehemu ya nne ilipokuja, kulikuwa na mahali Holo amekaa peke yake dirishani, nyota nje, na muziki tu. Donatus alitazama benchi la mbele. Serafina alikuwepo. Donatus alikohoa kidogo kwenye maiki, akasema kwa sauti ya polepole, kama inatoka mbali kwenye redio ya chombo, "Holo, umekula?"

Kesho yake wachimbaji walisalimiana hivyo mjini kote. Katika sehemu ya tano Nkwabi aliuliza tena, na watu walipiga makofi. Kwao, Nkwabi alikuwa hai chini ya mwamba fulani, na sehemu ya sita ingemtoa. Kila filamu hizo ziliporudiwa Jumapili baada ya misa, Serafina alikuwa benchi la mbele.

Sehemu ya sita ilifika mwaka huu. Donatus huitazama kila filamu peke yake kabla ya kuionyesha, na hii aliirudia wiki nzima akitafuta upenyo wa kumweka Nkwabi hai. Hakuna mahali palipomsaidia. Holo alisimama mbele ya kaburi lenye picha ya Nkwabi, kisha akaolewa na fundi wa injini. Donatus alifikiria kusema ni kaburi la pacha wake, lakini picha ilikuwa kubwa mno, na jina lilichongwa chini yake.

Jumapili banda lilijaa hadi mlangoni. Kaburi lilipotokea, Donatus alisema kilichosemwa: "Nkwabi, tangu kifusi kile mimi ni mjane."

"Simamisha," alisema Marwa, mchimbaji kutoka Mara ambaye hajakosa hata sehemu moja. "Mjane wa nani? Sehemu ya tano si alimwuliza kama amekula?"

"Alimwuliza," benchi la nyuma lilithibitisha.

"DJ, jibu."

"Mimi natafsiri tu," alisema Donatus.

"Basi walioandika hii hawakuziangalia zile za mwanzo. Wamekurupuka. Na huyu fundi amewahi kumwuliza mtu kama amekula? Ana masharubu tu."

Karibu na mwisho, Holo alikaa tena dirishani, peke yake, muziki tu. Banda zima lilisubiri swali. Donatus alisogeza maiki mdomoni. Serafina alikuwa ameweka mikono mapajani, macho kwenye picha. Nkwabi alikuwa ameshaonyeshwa kaburini mbele yake. Kumtoa humo aulize habari za chakula kungekuwa kumchezea mwanamke huyu. Donatus alishusha maiki. Muziki ulicheza hadi ukaisha.

Watu walitoka wakinung'unika. "Kwangu mimi ya sita haipo," Marwa alisema mlangoni. "Ziko tano." Wengi waliafiki.

Serafina hakuondoka.

"Nilidhani atasema pale dirishani," alisema.

"Nilitaka aseme, shemeji. Nimeshindwa." Donatus alianza kukunja waya wa maiki. "Ulikuwa unajua lile swali naliongeza mimi?"

"Tangu ya nne. Alianza na kikohozi. Wazungu wangekijuaje kikohozi cha Makoye?"

"Hukuwahi kusema."

"Ungeacha."

Donatus aliendelea na waya wake, ingawa ulikuwa umeshakunjika. "Jumapili ijayo nitarudisha ya tano," alisema. "Yumo humo bado."

"Rudisha, watu wanaipenda. Nami nitakuja." Serafina alisimama, akafunga vizuri khanga yake. "Lakini leo umefanya vizuri kunyamaza. Nilikuwa naogopa. Kwenye kaburi lile nilisema moyoni, akikohoa sasa hivi nitalia mbele ya Marwa, na Marwa atanitangaza mpaka Chato."

Donatus alicheka kidogo. Kisha, bila maiki, bila kikohozi, kwa sauti yake mwenyewe ya haraka ya Kambarage, aliuliza, "Shemeji, umekula?"

Serafina alilichukua swali kama lilivyo, akafikiri. Tangu asubuhi alikuwa amepakua sahani za watu, kisha akakimbilia misa, kisha hapa.

"Bado," alisema. "Na wewe?"

"Bado."

"Kuna wali, na Noela amechemsha maharage mapya. Zima hiyo runinga twende."

Donatus alizima runinga, akachomoa sabufa, akafunga banda.