Risasi Zangu za Udongo

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba nilisema asante.

Kaka yangu anafyatua matofali Pajulu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mtoto wa kwanza wa mama, na mtaani kwetu hapa Arua yeye ndiye kiongozi wa timu ya manati. Kila mwaka, siku ya pili ya Idi, timu yetu inakutana na timu ya Koboko, watu watano huku na watano kule. Kila mmoja anapiga mara tano kwenye mikebe ya nyanya iliyotundikwa kwa kamba. Mwaka huu nilikuwa mmoja wa watano wetu, msichana peke yangu. Sikuomba. Kaka aliniona kijijini Aroi, kwa mama mdogo, nikifukuza ndege kwenye mtama, akaniona nikimdondosha kwa manati kwelea aliyekuwa ameshuka mbali kabisa, na jioni ile ile akatangaza kwamba nimeingia kwenye timu. Hakuniuliza, lakini nilifurahi. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka mwenzangu alitoe kwa mdomo wake apigiwe makofi. Nikishika manati hakuna anayeniuliza kitu. Ndiyo maana nilitaka sana kwenda Koboko. Nilitaka siku moja watu wanione bila mimi kulazimika kusema.

Sheria ya mchezo ni moja: chuma hakitumiki. Zamani watu walikuwa wanapiga zile gololi za chuma zinazotoka kwenye beringi kuukuu za pikipiki, mafundi wa boda wanazitupa ovyo. Halafu mmoja akatoboa tangi la maji la mwenye nyumba, watu wa ua mzima wakabeba ndoo mpaka wakachoka kutukana. Tangu hapo kila mtu anakuja na risasi zake, za kitu chochote, mradi si chuma.

Basi nilianza kuchagua. Mtu asiyejua atasema risasi ya manati ni jiwe, okota upige. Nenda ukaokote. Jiwe moja lina tumbo upande, lingine lina mgongo, kila moja linajipeleka linakotaka. Nikajaribu gololi za kioo, zile za watoto, ambazo wachuuzi wanazileta kutoka Koboko kwa mifuko. Bei yake si kubwa, lakini pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya sabuni ya shule, nikanunua chache tu za kujaribu. Kwa macho ni nzuri sana. Ukizishika utaona nyingine ina povu la hewa ndani, nyingine ina mshono pembeni kama chupa, nyingine kubwa kuliko mwenzake. Tena zinateleza kwenye kigozi cha manati kabla hujaachia. Nikazirudisha kwa watoto wa jirani.

Ikabaki udongo. Udongo wa kichuguu ni bure, mzito, na unashikana vizuri kuliko ule wa kawaida. Nilibeba nusu gunia kutoka shambani kwa mama mdogo. Nikauponda, nikatoa mchanga na mizizi, nikaukanda kama unga wa chapati, nikafinyanga risasi moja moja kwa viganja. Nilitoboa tundu kwenye kipande cha bati, na kila risasi ilipaswa kupita pale kwa kugusa kidogo. Inayopita bila kugusa, narudisha kwenye bonge. Inayokwama, napunguza. Kisha nikatengeneza mizani ya kijiti na vizibo viwili vya soda. Kizibo kimoja kina risasi ile ile siku zote, niliiita risasi mama, na kingine kinapokea moja moja. Nzito inaanguka chini ya mkebe, nyepesi inaruka juu, hata kama mkono wako ni ule ule na jicho ni lile lile. Hilo sikuambiwa na mtu, niliambiwa na kwelea niliowakosa.

Nilizikausha uvunguni mwa kitanda changu, kivulini, kwa sababu jua linazipasua. Wiki nzima nilizigeuza kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Zilipokauka nilizikusanya kwenye beseni, nikaliacha pale pale uvunguni bila kulitazama tena kila siku. Nilikuwa na beseni zima la risasi zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Nikijaribu uwanjani nyuma ya nyumba, nilikuwa najua mkebe umeshapigwa kabla haujalia. Sijawahi kuwa na kitu changu kilichokamilika namna ile.

Siku mbili kabla ya Idi nilirudi kutoka shule nikainama chini ya kitanda. Hakuna beseni. Nikatoka mbio nikamkuta kaka uani, amekaa juu ya kibao na vumbi lake la tanuru, anacheka kwa raha. Beseni liko miguuni pake.

"Dada, kuja uone," akasema. "Nimekuchomea risasi yako yote. Niliweka katikati ya matofali, moto usiku mzima. Sasa hii ndiyo risasi! Ile ya kwanza ilikuwa matope tu."

Nikapiga magoti. Zile zilizokuwa karibu na mdomo wa moto zilikuwa nyeusi, zimevimba na kushikana mbili mbili, tatu tatu. Nyingine zilipasuka. Nyingine zilikuwa nyekundu na ndogo, nyingine bado rangi ya udongo upande mmoja. Nikachukua moja nikaipitisha kwenye tundu la bati, ikapita kama punje ya mtama kwenye mlango wa msikiti.

Nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu kaka akaacha kucheka.

"Mama, ona huyu! Mutu anasaidiwa, anakasirika."

Mama alikuwa anachambua mchele wa sikukuu. Hakunyanyua hata kichwa. "Sema asante kwa kaka yako. Amekesha na moto kwa ajili yako."

Alikesha kwa ajili ya matofali ya watu. Lakini mama akishasema, umeshasema wewe. Nikasema asante. Nikabeba beseni nikaingia ndani, nikauma mto mpaka meno yakauma. Mtu akikuibia unaweza kupiga kelele, majirani watatoka na fimbo. Mtu akikuharibia kwa wema utapiga kelele gani? Nani atatoka?

Kutengeneza nyingine hakukuwa na nafasi, udongo mbichi haukauki kwa siku mbili. Kesho yake kaka akatukusanya wote watano kufanya mazoezi. Nikapiga nilizokuwa nazo. Ya kwanza ikapita juu, ya pili ikala vumbi, ya tatu ikapasuka hewani kama biskuti, vijana wakashika mbavu.

"Mkono yako inatetemeka," kaka akasema, tena kwa upole, kama daktari. "Ni woga tu. Ukifanya hivi kule Koboko, nitaweka mutu ingine kwa nafasi yako. Usikasirike, dada. Ni kwa ajili ya timu."

Mkono wangu! Nilitaka kumwambia mkono wangu hauna shida, shida ni moto wako. Jibu lilikuwepo, likakwama pale pale linapokwamaga. Yeye alikuwa ameshawagawia wengine gololi za kioo alizonunua kwa pesa yake. Mimi akasema nitatumia zangu, kwa sababu ameshanichomea.

Siku ya Idi yenyewe, baada ya swala, tulikwenda Koboko kulala kwa shangazi. Wengine walikula na kuzunguka mjini kuona watu na nguo zao mpya. Mimi nilikaa uani kwa shangazi na beseni langu, kipande cha bati na mizani ya vizibo. Shangazi akapita na sufuria, akasimama.

"We mtoto, iko Idi. Unapima nini, dhahabu ya Kongo?"

"Risasi, shangazi."

"Haya. Ukipata dhahabu uniite."

Nilitupa nyeusi zote na zilizopasuka. Zilizokaa katikati kabisa ya tanuru, zile nyekundu ndogo, nyingi zilikuwa zimesinyaa karibu sawa. Nikachagua mpya moja kuwa risasi mama, nikapima zote upya, moja moja. Kutoka beseni zima nilipata saba zinazofanana kweli. Nilihitaji tano. Mbili nikazipiga pale pale kwenye kopo lililotundikwa ukutani kwa shangazi ili nijue zinakwenda wapi. Zinaruka juu kidogo kuliko zile za kwanza, nyepesi, basi shabaha ni kuteremsha kidogo. Kopo likalia mara mbili. Nikaziokota zote mbili, nzima, nikazifunga pamoja na zile tano kwenye kitambaa. Kaka alikuwa anaingia getini akasikia. "Umeona?" akasema. "Moto umefanya kazi yake." Akanipigapiga begani.

Asubuhi yake uwanja ulikuwa umejaa. Wamama wamekaa kwenye mikeka pembeni, wauza juisi, boda zimepangwa kama uzio. Nilijifunga mtandio vizuri nikasimama nyuma ya vijana wetu. Kitambaa changu kilikuwa kwenye mfuko wa kaka, kwa sababu nguo yangu ya sikukuu haina mfuko, na nilimwambia ashike tu.

Kabla ya zamu yangu nikamwona anazungumza na kiongozi wa Koboko, kijana mrefu mwenye kanzu. Kitambaa kiko wazi.

"Hii iko nzito muzuri," yule anasema, anairusharusha moja kiganjani. "Iko ya nani?"

"Ya dada yangu. Lakini kuchoma ni mimi. Chukua, chukua tatu ujaribu. Sisi ni ndugu."

Tatu! Nikahesabu bila kutaka. Zimebaki nne, na ninapiga mara tano. Yule wa Koboko akaweka ya kwanza kwenye kigozi chake.

Sijui nilivukaje uwanja. Nilijikuta nimesimama mbele yake na kiganja wazi.

"Lete."

"Nini?"

"Lete risasi yangu."

Akamtazama kaka. Kaka akacheka cheko la mtu anayefunika sufuria iliyomwagika. "Dada, huyu ni mwenyeji wetu. Nimempa."

"Uliharibu yote," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, hata mimi nikashtuka. "Mimi nakaa wiki mzima nalinganisha, wewe natia kwa moto bila kuuliza. Nikasema asante. Hii saba ndiyo imebaki. Si yako ya kugawa!"

Uwanja ukalipuka.

"Eeeh! Kumbe anasema! Sisi tulidhani bubu!"

"Mutoto ya Arua ana mudomo!"

Mmama mmoja akasonya, akasema mtoto wa kike kunyang'anya mwenyeji mkononi, siku ya sikukuu, ni laana. Yule wa Koboko ndiye peke yake aliyekuwa anafurahi. "Kaka," akamwambia kaka yangu, "huyu munamulisha pilipili?" Akaniwekea zote tatu kiganjani. Moja ikaanguka. Nikachuchumaa mbele ya watu wote, nikaiokota vumbini, nikaifuta kwa mtandio, nikaiangalia pande zote kama ina ufa. Walinizomea nikiwa chini. Sikuharakisha.

Nilipiga tatu za kwanza, mikebe mitatu ikalia. Ya nne nilikosa. Hapo mkono ulitetemeka kweli, nasema ukweli, hasira ilikuwa imefika mpaka vidoleni. Ya tano ikalia.

Kaka alipiga baada yangu na gololi zake za kioo akapata moja. Tulishindwa kwa tofauti ndogo sana. Na watu wa timu yetu, nakwambia, hawakusema gololi ni mbaya. Walisema nimeleta bahati mbaya, nimevuruga moyo wa kiongozi kabla hajapiga. Njia nzima kurudi Arua hakuna aliyeniongelesha. Mikebe minne kati ya mitano, hakuna mwingine wa kwetu aliyefikisha, na eti mimi ndiye niliyewaangusha.

Mama alikuwa ameshapigiwa simu. Alinisubiri mlangoni.

"Kaka yako anasema ulimwaibisha mbele ya Koboko yote."

"Ndiyo, mama."

"Nenda umuombe msamaha."

"Sitaomba."

Sijawahi kumwambia mama hivyo. Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiita jina lake. Nilingoja kofi, halikuja. Akageuka akaenda kupakua chakula, vyombo vinagongana kuliko kawaida.

Tulikula sinia moja, mama, kaka na mimi, wali uliobaki wa Idi. Kaka akachukua kipande kizuri cha nyama akakisukuma upande wangu, bila kuniangalia. Nikakisukuma kikarudi kwake. Akakisukuma tena.

"Nilitaka iwe ngumu," akasema, anaongea na wali. "Udongo mbichi unavunjika. Nilifikiri utafurahi."

"Ungeuliza."

Akafinyanga tonge mkononi bila kulila. Mama akamtazama. Kisha kaka akasema, polepole, "Basi ningeuliza."

Nyama ilikuwa upande wangu na nilikuwa na njaa. Niliila. Bado nilikuwa na hasira, na ninapoandika hapa bado ninayo.